Picha 1,300 kwenye simu, kazi tisa chini ya kitanda

Shikamoo mama,

Naishi Njombe mjini, nina watoto wawili, na nafuma. Alinifundisha mama mkubwa nikiwa darasa la sita, kwa spoku za baiskeli alizozinoa kwenye jiwe mpaka ncha zikawa laini. Baadaye akanipa na sindano yake ya kroshia, ile aliyofumia vitambaa vya makochi vya karibu nusu ya mtaa wetu. Sasa ni marehemu. Mimi nafuma seti za watoto wachanga, yaani sweta, kofia, soksi na shali, na wateja wangu ni wajawazito na mabibi wanaosubiri wajukuu. Baridi ya huku unaijua. Kuanzia Mei mpaka Agosti sikosi kazi.

Mwaka jana mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam alininunulia simu. Akaniwekea Pinterest na YouTube, akaniambia, "Dada, sasa hutafuma sweta lile lile kila mwaka." Siku ile nililala saa nane za usiku. Sikujua kama duniani kuna watu wanafuma mambo yale: blanketi lenye miti na milima, sweta lenye misuko kama nywele za bibi harusi, wanyama wadogo wanaokaa kwenye kiganja. Nikaanza kuhifadhi. Juzi nimehesabu, nina picha 1,300.

Na tangu simu ije namaliza kazi chache kuliko zamani. Naanza kitu, nikifika katikati naona kizuri zaidi, naacha. Chini ya kitanda kuna mfuko wa salfeti una kazi tisa ambazo hazijaisha. Nitakutajia tatu zilizoniumiza.

Ya kwanza ni shali. Niliona picha ya shali ya matundu yenye maumbo ya majani, imetandazwa kwenye nyasi, kila jani limekaa mahali pake. Niliifuata video wiki tatu, sikukosea hata mstari mmoja, nilikuwa nahesabu. Nilipoitoa kwenye sindano ilijikunja kama wavu uliolowa. Majani hayaonekani kabisa.

Ya pili ni sweta. Mteja alikuja na picha ya sweta la mtoto wa miaka miwili, na maelekezo yake ya Kiingereza. Kiingereza cha namna ile nakisoma polepole kwa kamusi. Nikafuma vitanzi 124 kuzunguka kifua kama walivyosema. Lilipoisha halikumpita mtoto kifuani. Nikamrudishia mama yake malipo ya awali, shilingi 20,000, na uzi ulikuwa wangu.

Ya tatu naionea aibu. Niliona simba wa kroshia, manyoya ya shingoni yamesimama, macho yanang'aa, ungedhani atanguruma. Maelekezo yake yalikuwa yanauzwa. Nikamwomba mdogo wangu alipe kwa kadi, kama shilingi 12,000. Zikaja kurasa nne ambazo hesabu zake hazikutani. Mstari unaosema vitanzi 18, ukivihesabu ni 23, na kichwa hakina mahali pa kuungana na mwili. Nikaandika kuuliza, sikujibiwa.

Mume wangu anasema simu imeniharibia kazi, nifute zote. Rafiki yangu tunayefuma naye anasema tatizo ni mikono, vile vitu ni vya watu waliosomea. Kinachonitisha mimi ni kingine. Nikizitazama seti zangu za zamani sasa naziona za kishamba, na vitambaa vya mama mkubwa nimevikunja nikavitia sandukuni. Je, nifute picha? Wenzangu wanapataje mawazo mtandaoni na bado wanamaliza kazi?

Mfumaji, Njombe


JIBU

Marahaba mwanangu.

Usifute kitu kwanza. Na hiyo shali usiitupe, maana nitaanza nayo. Humo ndimo lilimo jibu la karibu yote uliyoniuliza.

Umesema hukukosea hata mstari mmoja, nami nakuamini. Shali ya matundu inapotoka kwenye sindano huwa imejikunja hivyo hivyo, hata ikiwa imefumwa na wanawake wa visiwa vya Shetland kule Uskochi, ambao kazi hiyo ndiyo sifa yao tangu enzi za bibi zao. Picha uliyoiona haikupigwa siku hiyo. Ilipigwa baada ya shali kulowekwa, kukamuliwa taratibu ndani ya taulo, kuvutwa pande zote na kubanwa kwa pini juu ya godoro mpaka ikakauka. Hapo ndipo majani hufunguka. Video nyingi huiruka hatua hiyo kwa sababu kwa mfumaji wa kule ni jambo la kila siku, kama kwako kuficha ncha ya uzi. Na mama mkubwa wako aliijua vizuri sana. Si alikuwa akimaliza kitambaa cha kochi anakipiga wanga, kisha anakitandaza na kukinyoosha ncha kwa ncha kabla hakijakauka? Ni kazi ile ile. Kilichobadilika ni uzi.

Uzi ndio ninaotaka tuuzungumze. Angalia lebo ya ule uliofumia shali. Sisi tunauita sufi, lakini mwingi unaouzwa madukani kwetu ni akriliki, uzi wa kiwandani wa jamii ya plastiki. Kama lebo imepotea, kata kipande kifupi ukichome kwa kiberiti juu ya sahani. Sufi ya kondoo hunuka kama nywele zilizoungua na huacha majivu yanayosagika kwa vidole. Akriliki huyeyuka, ikipoa inabaki punje ngumu. Sufi ya kondoo ukiilowesha na kuivuta, hukauka na umbo ulilolipa. Akriliki ukiilowesha na kuivuta, ukitoa pini inarudi kujikunja. Inayoitii ni mvuke. Kwa hiyo itandaze shali yako juu ya godoro, ivute mpaka uyaone majani, ibane kwa pini pande zote. Weka juu yake kitambaa cha pamba chenye unyevu, kisha ishike pasi ya moto karibu na kitambaa bila kuikandamiza, uone mvuke unashuka. Nenda polepole, kipande kwa kipande, na uiache ipoe kabisa kabla hujatoa pini. Pasi ikikandamizwa, akriliki hulegea na kung'aa, na hairudi tena ilivyokuwa. Kwa hiyo anza na kipande cha majaribio ulichofuma kwa uzi huo huo.

Umeona lilipotokea tatizo? Ulichagua picha kwanza, halafu ukachukua uzi uliokuwapo. Aliyeifuma shali ile alianza na uzi, akajiuliza uzi huu unaweza kuwa nini. Ukiniuliza wenzako wanaomaliza kazi wanafanyaje, wengi ninaowajua wanafanya hivyo tu. Wanaingia mtandaoni na uzi mkononi.

Sasa tuje kwenye lile sweta, maana linaniuma pia, 20,000 si hela ndogo. Umesema ulianza kufuma kwa spoku za baiskeli. Nadhani mpaka leo unazitumia, na sisemi kwa kuzidharau. Nimeona masweta mazuri mno yaliyotoka kwenye spoku. Lakini unene wa spoku ni kama milimita 2. Maelekezo ya sweta la mtoto kwa uzi wa kawaida mara nyingi huomba sindano ya milimita 4. Karibu na mwanzo wa maelekezo yale, kabla ya mstari wa kwanza wa kufuma, lazima palikuwa na sentensi fupi inayotaja idadi ya vitanzi katika sentimita 10. Wengi huiruka, kumbe ndiyo inayobeba sweta zima. Tuchukue mfano: maelekezo yalitaka vitanzi 22 katika sentimita 10. Vitanzi 124 hapo vinatoa kifua cha sentimita 56, mtoto wa miaka miwili anaingia na anapumua. Mkono wako kwa spoku, tuseme, unatoa vitanzi 28 katika sentimita 10. Vitanzi vile vile 124 vinatoa sentimita 44 tu. Hilo ni sweta la mtoto wa miezi sita. Hukukosea kufuma, ulifuma sweta la mtoto mwingine.

Kwa hiyo kabla ya kazi yoyote yenye kipimo, fuma kipande cha mraba, sentimita 12 au 13 kila upande, kifue kama nguo itakavyofuliwa, kikauke, ndipo uweke rula katikati uhesabu. Vitanzi vikizidi, ongeza unene wa sindano, vikipungua, punguza. Sindano nene si lazima uzinunue. Uko Njombe, mianzi imekuzunguka. Mwanzi mkavu uliochongwa na kusuguliwa kwa msasa mpaka ukateleza ni sindano nzuri kuliko nyingi za plastiki. Mwombe fundi seremala akutobolee ubao matundu ya milimita 3, 4, 5 na 6, uwe unapitisha sindano kupima unene wake. Pima na ile ya kroshia ya mama mkubwa, maana nina hakika hujui ni namba ngapi.

Na kipande hicho cha majaribio mwonyeshe mteja kabla hajakupa hela. Mwulize ni nini hasa anachokipenda kwenye picha aliyoileta. Mara nyingi utakuta anapenda rangi tu, au shingo, wala hajali ule msuko wa kifuani ambao ungekula wiki yako nzima. Malipo ya awali yawe ya uzi, na mwambie hivyo kabla, ili siku kazi ikigoma usiumie peke yako.

Sasa kutafuta kwenyewe. Pinterest ni nzuri kwa kuangalia, lakini imejengwa ili picha moja ikupeleke kwenye nyingine, na haijui una uzi gani. Mwambie mdogo wako akufungulie akaunti Ravelry. Ni bure. Ilianzishwa 2007 na Wamarekani wawili, Jessica na Cassidy Forbes, na ni kama ghala la kazi za kufuma na za kroshia kutoka duniani kote. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuiambia: nionyeshe za kroshia tu, za mtoto mchanga, za uzi wa unene huu, sindano ya milimita 4, uzi usiozidi mita 300, na maelekezo yawe ya bure. Picha maelfu zinabaki chache. Unene wa uzi utausoma kwenye lebo nyingi, kuna mchoro mdogo wa donge la uzi na namba kati ya 0 na 7. 0 ni mwembamba kama wa kushonea na 7 ni mnene kama kamba. Uzi wa seti zako nadhani ni 3 au 4.

Halafu, na hili nakuomba ulishike kuliko mengine, ukipata kazi uliyoipenda usiishie kwenye picha ya mwenyewe aliyeibuni. Fungua sehemu ya waliokwisha kuifuma. Hapo utaona sweta lile lile kwa mikono ya watu wengine, kwa uzi wa bei nafuu, kwenye mtoto anayelia, sebuleni penye mwanga hafifu. Wengine wameandika waliposhindwa na walivyorekebisha. Kama kuna kumi waliofuma kwa akriliki na zote zimependeza, fuma. Kama zote zilizopendeza ni za sufi ya kondoo, iache ipite, hata kama ni nzuri kiasi gani.

Kiingereza kisikutishe, kwa sababu kroshia ina maandishi yake. Tafuta kazi zenye mchoro wa alama. Kiduara kirefu ni kitanzi cha mnyororo. Msalaba mdogo ni mshono mfupi. Herufi T isiyo na mkato ni mshono wa kati, yenye mkato mmoja ni mrefu, yenye mikato miwili ni mrefu zaidi. Mkato mmoja ni uzi kuzungushwa mara moja kwenye sindano, miwili ni mara mbili. Basi. Wajapani wanaandika vitabu vizima kwa alama hizo, Warusi pia, na wewe utafuma kazi zao bila kujua salamu yao. Andika crochê kama Wabrazili, au ganchillo kama Wahispania, uone milango inavyofunguka. Kampuni ya Garnstudio ya Norwei nayo ina maelekezo mengi ya bure mtandaoni, na mengi yana michoro na video.

Yakiwa ya Kiingereza, kuna mtego mmoja ambao umefumulisha kazi za watu wengi. Wamarekani na Waingereza wanatumia majina yale yale kwa mishono tofauti. Mmarekani akisema double crochet anamaanisha mshono mrefu, wa T yenye mkato. Mwingereza akisema neno hilo hilo anamaanisha mshono mfupi, wa msalaba. Ukiona popote pameandikwa single crochet, jua ni ya Kimarekani, kwa sababu Waingereza hawana mshono wa jina hilo. Kazi ikitoka fupi na ngumu kuliko picha, au ndefu na legelege, anza kuchunguza hapo.

Kuhusu simba, mwanangu, usione aibu. Karibu nina hakika simba huyo hajawahi kufumwa na mtu. Siku hizi akili mnemba inatengeneza picha za kroshia zinazopendeza kuliko kroshia yenyewe, na watu wanabandika chini yake maelekezo yasiyo na mfumaji. Inanikasirisha, kwa sababu wanaoibiwa ni watu kama wewe wanaoamini kwamba wakishindwa kosa ni lao. Macho yako ya kazi yanatosha kuwakamata. Vuta picha iwe kubwa, uchague mstari mmoja, uufuate kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Kazi ya mkono ina mistari inayohesabika. Kwenye picha ya kubuni mstari mmoja huyeyukia kwenye mwingine, kitanzi huanza kama cha sindano mbili na kuishia kama cha kroshia, manyoya hayatoki kwenye tundu lolote. Tafuta upande wa nyuma. Tafuta video ya mikono ikikifuma kitu hicho hicho. Gusa alama ya kutafuta kwa picha uone imetoka wapi. Anayeuza maelekezo ya kweli huwa na picha za hatua za kati, za kichwa kabla hakijajazwa pamba, na huwa na wateja walioonyesha zao. Ukikosa vyote hivyo, hata yawe ya shilingi 500 usinunue. Na ukinunua ya kweli, usiyasambaze kwenye kundi la WhatsApp. Huyo aliyeyaandika anakula kwa mikono kama wewe.

Mumeo ana hoja kwenye jambo moja, muda. Simu isikae mapajani pamoja na uzi. Ukipata video inayokufaa, itazame mara moja yote, kisha mara ya pili kwa mwendo wa nusu, ukisimamisha na kuandika kila mstari kwenye daftari kwa maneno yako: mrefu mmoja, ruka viwili, mnyororo mbili. Ukimaliza funga simu, fuma kwa daftari. Matumizi ya bando yatapungua, na utashangaa jinsi macho yako yatakavyoacha kutangatanga.

Zile picha 1,300 zisikilize kwa namna nyingine. Keti nazo mchana mmoja, uchague 20 tu ambazo moyo unaruka bado ukiziona. Kwa kila moja andika kitu kimoja kilichokurusha moyo: rangi ya udongo na bluu, shingo ya mraba, pindo la mawimbi, kifungo cha mti. Usiandike "sweta lile". Utaona vitu vinajirudia, labda vitano tu. Hivyo ndivyo vyako, na karibu vyote vinaweza kuingia kwenye seti unayoifuma sasa hivi kwa macho yaliyofumbwa. Sweta lako la kila mwaka lenye pindo la mawimbi na vifungo vya mti ni sweta jipya, na hutalifuma kwa kamusi.

Nimekuja mpaka hapa ili nikuambie kuhusu sanduku. Vitoe vitambaa vya mama mkubwa. Kama vimo vya miraba wazi na miraba iliyojazwa, vikatengeneza ua au tausi, ukikipiga picha kimoja na kukitafuta kwa Google Lens, ile ya kutafuta kwa picha, sitashangaa simu ikikuletea kazi za ndugu yake kutoka Ulaya na kwingineko. Mtindo huo una jina, filet, na kuna watu mbali huko wanaohifadhi picha zake kama wewe ulivyohifadhi zao. Mifano ya zamani ya mtindo huo imepigwa picha na kuwekwa bure kwenye maktaba ya mtandaoni iitwayo Antique Pattern Library.

Filet huhitaji kununua kwa mtu. Chukua daftari la hesabu la mwanao, lile la miraba. Mraba mtupu ni mshono mrefu mmoja, mnyororo mbili, ruka viwili. Mraba uliojazwa ni mishono mirefu mitatu. Kila mraba unakula vitanzi vitatu, na kimoja huongezwa mwishoni kufunga. Andika jina la mtoto kwenye miraba. AMANI lina herufi tano. Kila herufi upana wa miraba mitano, mraba mmoja kati ya herufi na herufi, miwili ya pembeni kila upande: miraba 33. Mara tatu ni 99, ongeza kimoja, vitanzi 100, pamoja na vile vya kupandia mstari unaofuata. Herufi ziwe na kimo cha miraba saba.

Sasa fikiria kanga ilivyo: pindo kuzunguka, mji katikati, jina chini. Fuma shali ya mtoto hivyo. Pindo la mawimbi uliyoyapenda kwenye simu, mji wa mshono unaoujua, na chini, mahali pa ujumbe, jina la mtoto mwenyewe kwa filet. Tafuta Pinterest nzima uone kama utaikuta. Bibi anayesubiri mjukuu atakulipa, na atakuletea bibi mwingine.

Kazi tisa za chini ya kitanda zitoe zote siku moja, uzitandaze kitandani. Ambazo ukizishika mkono wako unataka kuendelea, zirudishe kikapuni, zisizidi tatu. Sita zilizobaki zifumue. Uzi wa akriliki uliofumuliwa uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne usivurugike, uloweshe kwa maji ya vuguvugu, utundike ukauke. Mikunjo itapungua. Hiyo ni sufi ya bure ya shali tatu au nne za majina, na Mei haiko mbali.

Shali ya majani ipige mvuke kwanza, kabla ya yote. Ukitoa pini, niandikie uniambie majani mangapi yamefunguka.